Mafuta Yaliyoelea

Iswagala, Ileje
Jumanne, 4 Machi 2025

Mdogo wangu Andongwisye,

Nakuandikia kwa karatasi kama enzi za baba kwa sababu mnara wetu ulipigwa radi wiki iliyopita, na mpaka leo simu huku juu ni tochi tu. Barua hii anakuletea Mbonile, dereva wa Fuso ya maharage. Nimemwambia akukabidhi mkononi, asiiache kwa jirani wa gereji.

Ijumaa ile nilifika salama. Gari la usharika lilipanda mlima bila mlio wowote, wazee wakasema kweli mdogo wako ni fundi. Ila kuna jambo linanisumbua. Jumapili baada ya ibada nilifungua boneti nikaona mafuta ya breki yameshuka kidogo. Nikaongeza yale uliyonipa kwenye chupa, mpaka kwenye mstari. Jana nikateremka Itumba kuchukua chanjo za zahanati. Kushuka hakukuwa na tatizo. Wakati wa kurudi ndipo pedali ilipoanza tabia. Nikikanyaga inaingia, nikiachia hairudi upesi, inapanda polepole kama mtu mwenye mgongo anayeinuka kwenye kigoda. Gari likawa zito, hata penye tambarare nikawa nakanyaga mafuta kama napanda. Nilipofika nyumbani nikagusa rimu ya mbele, upande wa kulia. Nusura ngozi ibaki pale.

Nikawaza labda zile pedi mpya ulizofunga bado hazijakaa sawasawa. Au kuna mahali ulikaza kupita kiasi? Niambie la kufanya. Unajua mwenyewe kazi yangu ya udereva: huku juu hakuna gari jingine la kumshusha mgonjwa. Na sasa tuna Jenista, mke wa Joshua yule wa shamba la kahawa jirani na zahanati. Mimba yake ya kwanza, miguu imevimba, presha inapanda. Nesi Anna amesema huyu asithubutu kujifungulia hapa, siku zikikaribia ashushwe Itumba hospitali. Siku zenyewe ni mwisho wa mwezi, kwa hiyo tuna nafasi, lakini nafasi si ya kuchezea.

Wasalimie wa nyumbani kwako.

Dada yako,
Gwantwa


Tunduma
Jumatano, 5 Machi 2025, asubuhi

Dada Gwantwa,

Salamu nitakupa siku nyingine. Usiliendeshe hilo gari. Hata kulisogeza hapo uani, usilisogeze.

Yale mafuta si ya breki. Hakikisha mwenyewe: chukua kikombe cha maji safi, chovya kijiti kwenye kikopo cha mafuta ya breki pale chini ya boneti, dondoshea majini. Mafuta halali ya breki hujichanganya na maji, huyaoni tena. Yakielea juu kama ya kupikia, basi ni mafuta ya mitambo, na hayo ni sumu kwa raba za breki. Raba inayanywa, inavimba, inaziba kitundu cha kurudishia mafuta. Ndiyo maana pedali hairudi na magurudumu yanajishika yenyewe. Mwanzo breki hushika mno, vitu vinapata moto. Moto ukizidi, mambo yanageuka: unakanyaga, mguu unakwenda mpaka sakafuni, na chini hakuna kitu.

Usidanganywe na mtu kwamba mwaga haya, weka mengine, twende. Kila raba iliyoguswa na mafuta hayo lazima itoke, ya pampu kubwa na ya magurudumu yote manne, pamoja na paipu za mpira. Vifaa nimeagiza Mbeya. Jumamosi nitapanda mwenyewe kuja kufunga.

Chupa ile niliinunua kwa Mama Ferista, yule mwenye duka la vipuri karibu na gereji yangu. Siku hizi bidhaa feki zimejaa, hata Wazambia wanaovuka kuja kununua hapa wanalia. Hiyo chupa yenyewe itupe chooni, watoto wasije wakaichezea.

Mbonile anapiga honi, hana subira. Tafadhali dada, tembeeni kwa miguu mpaka nije.

Mdogo wako,
Andongwisye


Iswagala
Alhamisi, 6 Machi 2025, saa saba mchana

Andongwisye,

Barua yako imenifikia saa tatu asubuhi. Nilifanya ulivyosema, nesi Anna akiwa ameshika kikombe. Mafuta yameelea. Yamekaa juu ya maji, duara dogo linalong'aa kama jicho la samaki. Nilitikisa kikombe, yakavunjika vipande, kisha yakarudiana.

Nikaenda kwa Mzee Abrahamu, mwenyekiti wa baraza la wazee, kumwambia gari lisimame. Alikuwa anapukuchua mahindi. Akaniuliza, "Linawaka?"

"Linawaka, baba."

"Linasimama ukikanyaga?"

"Leo linaweza kusimama. Kesho sijui."

"Basi kesho utaniambia." Akaendelea na mahindi yake. Nilimwachia maneno yako yote, kama aliyasikia ni yeye na Mungu wake. Ufunguo nikautia mfukoni, nikasema hapa hauondoki hadi Jumamosi.

Nilitaka kuishia hapo na kukushukuru. Lakini sasa hivi Joshua amekuja mbio bila viatu. Jenista ameanguka jikoni, ametupa mikono na miguu, povu mdomoni. Nesi Anna anasema ni kifafa cha mimba. Amemchoma sindano aliyokuwa nayo, amesema hiyo ni ya kununua muda tu, si ya kuponya. Machela mpaka Itumba ni saa nne au tano, na utelezi huu wa mvua. Mbonile alishapita upande wa pili kupakia maharage, harudi hadi jioni. Pikipiki haiwezi kumbeba mtu mwenye degedege.

Nimemwambia Joshua ukweli wote kuhusu breki. Ameniangalia, akasema, "Dada, ungekuwa wewe ungefanyaje?" Nimeutoa ufunguo mfukoni.

Nitashuka kwa gia nzito ya mlimani, namba moja, na breki ya mkono. Hiyo ina waya wake, haitumii mafuta, si ndiyo? Ungekuwa hapa ungenijibu. Joshua atasimama kwenye bampa ya nyuma na gogo la kuwekea tairi.

Barua hii namwachia mke wa Mbonile. Wananiita.

Gwantwa


Tunduma
Jumamosi, 8 Machi 2025

Dada,

Leo ndiyo nilikuwa nipande. Vifaa vimefika, viko mezani mbele yangu. Mbonile ameingia jana jioni na barua yako, na kabla sijaifungua akaniambia ameliona gari kwenye kona ya tatu limeingiza pua kwenye ukuta wa udongo, mlango uko wazi, ndani hakuna mtu. Akasema kwenye tope kuna damu. Ya nani, hajui. Alikutana na watu wachache tu barabarani na kila mmoja ana habari yake. Mmoja anasema wamekufa wawili. Mwingine anasema hakuna aliyekufa.

Nimekupigia mara thelathini. Itumba mtandao upo, simu yako haipatikani. Nimepiga hospitali, aliyepokea akasema hawatoi habari za wagonjwa kwa simu.

Breki ya mkono ina waya wake, ndiyo. Ulikuwa sahihi. Nilipaswa kukuandikia hilo na sikuliandika.

Nijibu neno moja tu, uzima. Sijui nipande nije au ninyamaze hapa. Ferista yule, Mungu atamlipa.

Andongwisye


Itumba, hospitali
Jumanne, 11 Machi 2025

Mdogo wangu,

Mimi mzima. Nina mshono juu ya jicho, na kidole cha mwisho kimefungwa kijiti. Simu yangu ilipasuka kwenye ajali. Mtu angeniazima, lakini mambo haya kwa simu siyawezi.

Sikiliza. Kona ya kwanza na ya pili tulikwenda mwendo wa kobe. Sikugusa pedali hata mara moja, nilitumia injini na breki ya mkono. Jenista alikuwa amelala kiti cha nyuma, kichwa mapajani kwa nesi Anna. Nilikuwa nasikia Anna akihesabu pumzi zake kwa Kindali. Nikaanza kuamini tutafika. Kumbe yale magurudumu ya mbele yalikuwa yameshika muda wote huo, yanajichoma. Kabla ya kona ya tatu nikasikia harufu, kama nywele zinazoungua. Pale unapajua, barabara inadondoka. Waya wa breki ya mkono ukakatika, nikausikia, *tap*. Nikakanyaga pedali. Ilikwenda mpaka sakafuni, kama ulivyoandika. Kushoto ni korongo, kulia ni ukingo wa udongo mwekundu.

Nikapiga kelele, "Joshua, ruka!"

Akaruka. Lakini hakukimbia, Andongwisye. Aliruka na gogo lake, akaliweka mbele ya tairi la nyuma. Gari likalipanda gogo, likateleza, likapita juu ya mguu wake. Kisha mimi nikawa nimeshalielekeza kwenye ukingo, tukagonga, likazima.

Nesi Anna akasema, "Mama anapumua." Halafu ndipo Joshua alipoanza kulia.

Watu walitoka mashambani, akina mama waliokuwa wanapalilia. Wakafunga vitenge vyao kwenye miti ya mianzi, wakambeba Jenista mbele na Joshua nyuma. Hakuna aliyeuliza anayebebwa ni nani. Walikwenda wakipokezana. Tulipofika chini tukapata gari la mtu wa mbao.

Mtoto alitolewa kwa upasuaji siku ileile. Ni wa kike, mdogo kama hindi changa, lakini analia vizuri. Jenista alizinduka Jumamosi. Joshua mguu umevunjika sehemu mbili chini ya goti, wamempeleka Mbeya kutiwa vyuma. Hawajui kama atatembea bila fimbo. Mtu anayeishi kwa kupanda na kushuka kwenye mibuni yake.

Mzee Abrahamu alikuja hapa jana na wazee wawili. Alisimama mbele ya wagonjwa wote akasema, "Tulisema tangu mwanzo. Mwanamke na mteremko wapi na wapi?" Akaniomba ufunguo, nikampa. Nikamwambia kuhusu mafuta, nikamwambia kuhusu kikombe. Nesi Anna akashuhudia. Ndipo wakanigeukia: basi mwenye kosa ni aliyeuza. Jina nililokuwa nalo ni moja, nikalitaja. Alhamisi wanakuja Tunduma na gari la kukodi kwa huyo Ferista, na wamesema baadaye watakwenda polisi. Wanakutaka wewe uwe shahidi, kwa sababu ndiye uliyenunua.

Nenda kasimame nao. Mtu aliyefunga sumu kwenye chupa na kuiuza asilale salama wakati Joshua amelala na vyuma mguuni.

Dada yako,
Gwantwa


Tunduma
Jumatatu, 17 Machi 2025

Kwa Gwantwa, dereva wa usharika,

Hunijui. Mimi naitwa Ferista Silwimba, muuza vipuri, mjane, nina miaka kumi na sita kwenye duka hili. Dereva wa Fuso ndiye aliyenielekeza namna ya kukupata.

Alhamisi watu wenu walikuja. Sikatai, wana uchungu, na walinieleza habari ya yule kijana na mguu wake, hata mimi nililia. Lakini walinieleza mbele ya soko zima. Mzee mmoja alishika chupa zangu akawa anazinyanyua juu, "Hizi ndizo zinazoua wake zenu." Vijana wa foleni ya malori wakaanza kupiga picha. Tangu siku hiyo hakuna mteja. Mtu wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, niliyemuuzia miaka tisa amepita mlangoni akaangalia upande mwingine. Usiku mtu ameandika neno MUUAJI kwenye mlango wangu kwa oili chafu.

Mwanangu, sikukuandikia ili unihurumie. Nimekuandikia nikuulize swali moja. Mafuta ya breki ninayouza, ukifungua kifuniko chini yake kuna karatasi ya rangi ya fedha iliyogandishwa mdomoni mwa chupa. Lazima uitoboe au uichane. Je, wewe siku ile ulichana kitu chochote?

Na jambo la pili. Mdogo wako hajanunua mafuta ya breki kwangu tangu kabla ya Krismasi. Nilimwambia hivyo mbele ya wazee wenu, "Fundi, sema siku uliyonunua." Alisema hakumbuki. Alikuwa anaangalia viatu vyake. Wazee wakadhani ana aibu ya kunisuta mama mtu mzima. Mimi nimemjua tangu anaanza kazi, na nilimwona vingine.

Nimekufungia chupa moja mpya, imo kwenye boksi alilobeba dereva. Ifungue mwenyewe, weka tone kwenye maji. Ukiona inaelea, njooni mnifungie duka, sitasema neno.

Ni mimi,
Ferista Silwimba


Iswagala
Jumatano, 19 Machi 2025

Andongwisye,

Chupa uliyonipa haikuwa na karatasi ya rangi ya fedha chini ya kifuniko. Kifuniko kilizunguka kwa vidole viwili. Shingoni ilikuwa na vumbi lililogandana na grisi. Najua kwa sababu ninayo hapa. Uliniambia niitupe chooni, sikuitupa, kwa kuwa huku kwetu chupa yenye kifuniko haitupwi.

Chupa ya mama Ferista nimeifungua mbele ya nesi Anna. Tone lilizama, likayeyuka, maji yakabaki maji.

Nina maswali, na sitaki salamu. Ndani ya ile chupa kulikuwa na nini? Nani alitia? Ulijua lini?

Na hili ndilo linaloniamsha: Mbonile ana kiti cha pili kwenye Fuso, siku ile kilikuwa kitupu, nimemuuliza. Kwa nini ulinitumia karatasi badala ya kuja mwenyewe?

Leo nimeshuka Itumba na kurudi, kule mtandao unajaa. Nimeazima simu ya nesi, nimeandika namba yako, nimeifuta. Kwenye simu utalia nami nitakuhurumia. Andika.

Gwantwa


Tunduma
Ijumaa, 21 Machi 2025

Dada Gwantwa,

Ni mafuta ya jeki. Niliyatia mimi.

Mwezi wa kumi na mbili kopo la mafuta ya jeki lilitoboka. Nikachukua chupa tupu ya mafuta ya breki, nikamimina humo, nikaiweka rafuni. Sikuandika kitu juu yake. Rangi zake zinafanana, zote kama asali nyepesi. Kila siku nilijiambia nitaandika. Wewe ulipokuja Ijumaa ile, kulikuwa na dereva wa Zambia ananipigia kelele, "Fundi, mukwai, tafadhali, foleni inasogea!" Wewe ukasema unaomba mafuta kidogo ya akiba. Nikanyoosha mkono bila kugeuza kichwa.

Umeuliza nilijua lini. Nilijua siku ileile, Gwantwa. Saa kumi na moja jioni jeki iligoma kunyanyua lori, nikaenda rafuni, chupa haipo. Nilisimama pale nikaona mkono wangu mwenyewe ukikupa.

Hapo ndipo nilipotakiwa kuwasha pikipiki nikufuate. Nilipiga simu yako mara mbili, haikupatikana, nikashukuru kwamba haikupatikana. Nilijiambia kikopo nilikiacha kimejaa, hataongeza. Nilijiambia wiki ijayo nitapanda kukusalimia nitaibadilisha kimyakimya. Jumamosi Mbonile alipita gereji akaniuliza, "Una ujumbe kwa dada?" Nikamwambia sina. Siku tano nilikuwa nao huo ujumbe. Barua yako ilipofika na kusema pedali hairudi, nilifunga mlango wa gereji. Halafu nikakaa chini nikakuandikia uongo juu ya mama wa watu, kwa sababu mji huu unaniita Daktari wa Breki na sikutaka jina hilo liondoke. Kiti cha Mbonile kilikuwa kitupu. Niliogopa kukutazama usoni ukiwa umeshika ile chupa. Hakuna sababu nyingine.

Alhamisi ile dukani kwa Ferista nilipata nafasi ya kusema mbele ya watu wote. Alinifungulia mlango mwenyewe: "Sema siku uliyonunua." Nikasema sikumbuki.

Leo asubuhi nimekwenda. Alikuwa anasugua mlango kwa sabuni na mchanga. Nikaingia naye ndani, nikaanza kumwambia kwa sauti ya chini. Akanyanyua mkono. "Si hapa ndani. Toka nje." Akanisimamisha barazani, wenye maduka wakiwa wanafungua. Nikasema: mafuta yalikuwa yangu, huyu mama hana kosa, nilimsingizia. Akaniambia, "Rudia. Yule wa mwisho pale hajasikia." Nikarudia mara tatu. Kisha akanipa brashi, nikasugua mlango mpaka adhuhuri, na oili haijatoka yote.

Keshokutwa Jumapili nitakuwa kanisani Iswagala. Wewe usiseme lolote, nitasema mimi. Nakuja na vifaa, na fundi wa kutengeneza waya wa breki ya mkono. Ukitaka nisilale kwako nitalala garini.

Siombi unijibu.

Andongwisye


Iswagala
Jumamosi, 5 Aprili 2025

Andongwisye,

Ulipokuwa hapa tuliongea habari za spana tu. Siku tano umelala chini ya gari, nikakuletea ugali, ukala, hatukutazamana. Kwa hiyo naandika.

Uliposimama kanisani nilitaka ardhi inimeze. Si kwa aibu yako. Nilikuwa nahesabu: kama angesema Ijumaa ile, kama angesema Jumamosi, kama angesema kwa Mbonile. Kila ulipotamka neno moja niliona siku moja ambayo Joshua bado ana mguu wake mzima. Mchungaji alipoliuliza kanisa kama wanapokea toba yako, wengi walinyanyua mikono. Mimi uliona sikunyanyua. Najua uliona.

Ukaondoka Ijumaa. Jumatatu baraza likakaa. Mzee Abrahamu hakuniomba radhi. Alikuja nyumbani, akaweka ufunguo mezani, akasema mvua mwaka huu zimezidi, akaenda zake. Yule mzee aliyenyanyua chupa sokoni ndiye aliyepanda Fuso ya Mbonile kwenda kumwomba radhi Ferista kwa niaba ya usharika. Amerudi na kitu cha kunishangaza: amenunua mafuta ya breki chupa sita, na risiti.

Jana nililijaribu gari. Nilikwenda peke yangu, nilimkatalia kila mtu. Kwenye kona ya tatu nilisimama makusudi. Breki imeshika. Nikaachia, pedali ikarudi mguuni kwangu palepale. Nikaenda, nikasimama tena. Mara saba nimesimama kwenye mteremko ule, kama kichaa, mpaka mama mmoja shambani akanyoosha mgongo akaniuliza kama gari limeharibika. Nikamwambia hapana mama, limepona. Kazi yako ni nzuri. Haijawahi kuwa mbaya, na hilo ndilo linalonichoma.

Joshua amerudi kutoka Mbeya na magongo mawili. Nilikwenda kumwona. Jenista alikuwa ananyonyesha, hana maneno mengi siku hizi, ila alinipa mtoto nimshike. Nikamwambia Joshua kwamba uliacha salamu na kwamba unataka kuja tena kumwomba msamaha. Akasema, "Alishaomba kanisani, nimesikia. Mwambie mwezi wa saba kahawa inaiva, na mimi siwezi kusimama kwenye mteremko. Aje achume. Mibuni yote, siyo ya kuonyesha watu siku moja akaondoka." Ndivyo alivyosema, nakuletea kama yalivyo. Nimemwambia utakuja. Usinifanye mwongo.

Na mimi nina langu. Mwezi wa sita baraza limenipa wiki mbili. Nakuja Tunduma, gereji kwako, unifundishe breki kuanzia pampu hadi raba ya mwisho, nifungue na kufunga mwenyewe. Utanifundisha kama unavyomfundisha mtu baki. Sitalala kwako. Nimemwandikia mama Ferista, amekubali nilale kwake.

Wazee wananiambia damu ni damu, nikusamehe yaishe. Nimewajibu kwamba nitakusamehe, ila sijui lini, na siku hiyo ikifika sitaituma kwa barua.

Dada yako,
Gwantwa